Jeki na Ubao Wake

Vijana wangu wa karakana,

Siku ile ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno mengi mazuri, mengine nadhani yalimhusu mtu mwingine. Katikati ya pilau na soda, Glory akaniuliza neno jeki limetoka wapi, na kabla sijameza akawa ameshalitafuta kwenye simu. Akatusomea kwa sauti. Kwa Kiingereza Jack ni jina la mwanamume. Ni karata yenye picha ya kijana. Ni baharia. Ni punda dume. Ni bendera ya meli, ni kampira kadogo ka mchezo fulani, ni tundu la kuchomekea waya wa redio, na hata fenesi wamelibandika jina hilo. Chombo chetu cha kuinulia gari kilikuwa kule katikati, kimebanwa na samaki mmoja mwenye jina hilohilo. Mkacheka sana, mkasema kumbe Mama Fundi miaka yote hii umekuwa ukilala chini ya punda.

Nikawaambia nitawaandikia. Maana za jeki ninazozijua mimi hazikuwemo kwenye simu ya Glory, na zaidi ya hapo nilikuwa na njaa na pilau ilikuwa inapoa. Sasa nipo nyumbani Mwika, migomba imeshapaliwa, sina kisingizio.

Nilifika karakana nikiwa binti aliyemaliza chuo cha ufundi juzi tu. Kazi yetu wakati ule ilikuwa malori yanayoteremsha kahawa kutoka vijiji vya mlimani kuja Moshi mjini. Nilivaa ovaroli juu ya sketi, kwa sababu mama alisema suruali ataizoea polepole na nisimharakishe. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameniombea nafasi ya kufundisha watoto wadogo. Aliposikia nitalala chini ya malori alimaliza kula kwanza, halafu akasema, “Basi uwe fundi wa kweli, tusichekwe.” Baraka niliyopewa ni hiyo.

Mlangoni nilimkuta mzee mrefu, amesimama anakunywa chai kwenye kopo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza jina.

“Naitwa Aikaruwa.”

“Ashukuriwe Mungu,” akasema, maana kwa Kichaga aika ni asante, na Ruwa ni Mungu. “Jina zito hilo, binti. Mimi naitwa Jeki.”

Nilidhani ananitania, kwa kuwa mguuni pake palikuwa na jeki. Lakini ndiyo lilikuwa jina lake. Alikulia Sanya Juu, kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja, ambako baba yake alikuwa kibarua. Jina lake la nyumbani lilikuwa refu kama langu, mzungu akashindwa kulitamka, akamwita Jack, na alipokua kidogo akamkabidhi jeki ya trekta aitunze. Nilimuuliza siku moja kama jina lile halimuudhi. “Kwetu jina huja na maana yake,” akasema. “La kwangu lilikuja tupu, Aika. Nikalitafutia kazi.”

Wiki zangu za kwanza sikugusa spana. Niligusa mbao. Mzee Jeki alikuwa na rundo la vipande vya mbao ngumu, vya kila unene, na kazi yangu ilikuwa kuvisugua oili, kuvikagua nyufa na kuvipanga. Niliona ameamua kunikatisha tamaa kwa heshima ili nirudi nikafundishe watoto nyimbo. Ilinichukua muda kuelewa. Jeki ina nguvu za kuinua lori zima, lakini nguvu hizo inazisukuma juu na chini kwa pamoja. Ardhi ikiwa laini, badala ya lori kupanda, jeki ndiyo inayoshuka. Ndiyo maana kila nilipomwambia jeki imekwama, alikuwa haitazami jeki. Aliinama akatazama ilipokanyaga.

Mambo mengine mnayajua, lakini nayaandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Jeki ya chupa msiilaze ubavuni kwenye buti la gari, itavuja, na mtamlaumu aliyeitengeneza. Jeki ya toroli ni ya sakafu ya saruji, ukiipeleka shambani unakuwa umebeba mzigo tu. Jeki ya skrubu ni ya polepole na inachosha mkono, na mimi mpaka leo naiamini kuliko zote. Na jiwe si stendi ya kuegemeza gari. Madereva wa mlimani wanapenda mawe kwa kuwa yako kila mahali na hayadai chochote, lakini jiwe hupasuka bila kutoa taarifa.

Halafu kuna jambo la kuongea, ambalo mmelikuta na mnalifanya, ingawa naona baadhi yenu mnafanya kwa kutazama simu. Lilianza na Mzee Jeki. Sheria yake ilikuwa kwamba aliyeinua gari habanduki kwenye jeki mpaka aliyeko chini atoke, na muda wote huo aongee. Asipige kelele wala asitoe amri. Azungumze. Aliyeko chini haoni kitu ila vyuma na matope. Akisikia sauti ileile, mahali palepale, anajua jeki ina mwenyewe. Sauti ikikatika, anatoka kwanza, kazi baadaye.

Kwa mzee lilikuwa jambo rahisi. Nikiwa chini nilisikia habari za kuku wake, za ugonjwa wa kahawa, za shemeji yake aliyenunua saa isiyotembea. Shida ilikuwa zamu yangu ya kukaa juu. Nililelewa kwamba binti hapayuki mbele ya mzee, sasa huyu mzee amelala chini ya lori na anataka nipayuke. Siku ya kwanza maneno yaliniishia kabla bolti ya kwanza haijalegea. Nikaanza kutaja ndizi. “Mshare. Kitarasa. Mkonosi. Ndizi ng'ombe. Mzuzu. Kisukari.” Zikaisha, nikaanza upya. Kutoka chini nikasikia, “Umeisahau ya kuchoma!” Nikasema, “Mzuzu nimeshaitaja, mzee.” Akasema, “Itaje tena, ni tamu.” Tangu siku hiyo sikuona tena haya kuongea na miguu ya mtu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nyingi nimezisahau. Kuna lori lililokuwa linazima kila likifika kona moja ya njia ya Mwika, na dereva akaleta mchungaji kabla ya kuleta fundi. Mchungaji aliomba, mimi nikasafisha tenki la mafuta, na mpaka leo kila mmoja wetu anaamini ni yeye aliyeliponya. Kuna gari la wageni lililokuja na panya hai ndani ya bomba la hewa. Lakini mkiniuliza siku iliyonifundisha kazi hii ni nini, ni ile ya Kirua Vunjo.

Ilikuwa msimu wa masika, miaka kadhaa baada ya mimi kuanza kazi. Simu ilipigwa ofisini mchana: lori letu limeteleza, limeingia shambani kwa mtu, na dereva amebanwa. Dereva alikuwa Estomii, mtu mpole wa makamo ambaye hata honi aliipiga kwa adabu. Tulipanda mimi, Mzee Jeki na dereva wa gari la huduma.

Tulikuta umati wa watu chini ya migomba. Lori lilikuwa limeinama kwenye ukingo wa shamba likiwa na shehena ya kahawa. Estomii alikuwa ameshuka kuweka mawe nyuma ya tairi ili lisiendelee kuteleza. Udongo ukakatika, lori likakaa, na chuma cha chesisi kikamgandamiza paja kwenye matope. Alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mganga wa zahanati alikuwa amepiga magoti kando yake, na alipotuona akasimama, akamvuta Mzee Jeki pembeni. Nilimsikia akisema, “Mtoeni upesi. Akikaa hapo, sitawaahidi mguu, na wala sitawaahidi mtu.”

Wanakijiji walikuwa wameshaanza kushusha magunia kwa mabega, na hilo lilisaidia. Kulivuta lori kwa mnyororo kusingewezekana, lingemburuta naye. Lilikuwa lazima liinuliwe, tena pande mbili kwa pamoja, moja nje na moja ndani karibu na ekseli, lisije likapinduka. Tukaweka vipande vyetu vya mbao, tukaweka jeki juu yake, mzee akapiga pampu. Vipande vikazama. Tukaongeza vingine, vikazama juu ya wenzao. Udongo wa masika ule ulikuwa kama uji. Tulihitaji kitu kipana, kirefu na kigumu. Mtu akaleta mlango wa banda, ukavunjika mara moja. Estomii akafumba macho, na mganga akaanza kumpigapiga shavu.

Mwenye shamba alikuwa Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa, mfupi, mwenye kofia ya sufu iliyolowa. Alitazama mlango wake uliovunjika, akageuka akaenda nyumbani. Alirudi na majirani wawili, wamebeba mbao begani. Umati ukapisha, na nikasikia wanawake wakivuta pumzi.

Zilikuwa mbao za mringaringa, pana, nene, nyeusi kwa moshi. Kila mtu pale alizijua isipokuwa sisi. Mzee Aminieli alikuwa mmoja wa wale wazee wanaojiwekea mbao za jeneza mapema, ili siku ikifika watoto wasihangaike na seremala. Aliupasua mti wake mwenyewe, akazipandisha darini juu ya meko, moshi ukazikausha miaka na miaka. Na kwa watu wa pale, mbao za namna hiyo haziguswi. Haziondoki nyumbani mpaka zitoke na mwenyewe. Kuzitoa mapema ni kukionyesha kifo mlango ulipo.

Mkewe, Bibi Ndeonansia, alikuja mbio nyuma yao, kanga imemwanguka bega.

“Baba, unafanya nini?”

“Naleta ubao.”

“Hizo si ubao! Hizo ni zako!”

“Ndiyo maana nazileta mimi,” akasema. “Zingekuwa za jirani ningeomba ruhusa.”

“Unajiitia nini, mume wangu? Mbele ya watu wote hawa?”

Mzee Aminieli akaweka ubao chini, akafuta maji usoni. “Mama, mimi leo sizihitaji. Huyu anazihitaji. Ruwa hawezi kukosea kati yetu wawili, ametuumba yeye.” Halafu akamgeukia Mzee Jeki. “Zinalala wapi, aisee? Sema upesi, mikono inachoka.”

Tukazilaza. Jeki ya nje ikakaa juu ya ubao wa kwanza, mzee akapiga pampu, nasi sote tukatazama ubao. Ulizama kidogo tu, ukagoma, na kwa mara ya kwanza lori likalia. Sasa ilibaki jeki ya ndani, na aliyekuwa mwembamba wa kutosha kupita ni mimi. Sikuwa shujaa, naomba mniamini. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani, na nilipokuwa naingia kwa tumbo kwenye matope yale nikisukuma ubao mbele yangu, nilikuwa nawaona wote wawili. Mzee Jeki akashika mpini wa jeki yake, akaanza. “Yule ng'ombe wangu, Aika, hataki majani ya tembo. Nimemkatia, nimemnyunyizia chumvi, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa…”

Nikapita kando ya Estomii. Akafungua macho. “Dada Aika,” akasema, “umwambie mke wangu…”

“Utamwambia mwenyewe, mimi nina kazi.”

Nilikuwa nimeweka ubao, nimeweka jeki, naitafuta sehemu ya kukita kichwa chake kwenye ekseli, ndipo habari za ng'ombe zilipokatika. Baadaye nilijua kwamba mzee alikuwa ameshikwa na kilio, ingawa mikono yake ilikuwa palepale. Lakini mimi chini nilisikia kimya. Mnajua sheria: sauti ikikatika, unatoka. Nikamtazama Estomii. Yeye hakuwa na pa kutoka, na mimi sikuweza kumwacha. Mvua tu ndiyo iliyosikika.

Halafu ikaja sauti nyingine, kavu, ya mtu asiyezoea kusema hadharani. “Mimi naitwa Aminieli. Mzee wenu yupo, anafuta pua kwa bega. Mimi kahawa yangu mwaka huu haikutoa kitu. Mbuzi wangu mmoja amezaa…” Hapo naye akakwama. Na mara nikamsikia yule bibi, aliyekuwa akilia muda mfupi tu uliopita, ameinama karibu kabisa na matope, anafoka.

“Wewe mtoto uliyeko chini! Nasikia unatoka Mwika. Huko Mwika mnapika mtori wa ndizi bila mfupa, kweli au uongo?”

“Uongo, bibi!” nikapiga kelele.

“Basi mnaweka mfupa gani?”

Nikamwambia. Akanipinga. Huku tunabishana mfupa nikapiga pampu, na kichwa cha jeki kikagusa chuma, kikakaza. Ubao ukatoa mlio wa kupasuka, ukashika. Jirani mmoja akadakia habari za mtori, mwingine akaleta za harusi iliyokosa nyama, na chesisi ikaanza kupanda, unene wa kidole, unene wa mkono. Mganga akamshika Estomii makwapani. Alipomvuta, Estomii alipiga ukelele ambao sijausahau, na niliufurahia, kwa sababu maiti haipigi kelele. Nikatoka nyuma yake. Mzee Jeki alikuwa bado ameshika mpini, machozi na mvua havijulikani, na hakuuachia mpaka alipohesabu miguu yangu yote miwili. Bibi Ndeonansia akanifunika kanga yake. Nikamwambia aika, nikaishika mikono yake.

Estomii alikaa hospitali muda mrefu. Mguu ulibaki, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Ofisi ikapeleka mbao mpya kwa Mzee Aminieli, nzuri, zimepigwa randa, na mimi nilikuwa kwenye gari lililozipeleka. Zile zake za zamani alikuwa ameshazifuta matope na kuzirudisha darini. Moja ilikuwa na ufa, na nyingine ilikuwa na duara lililobonyea, alama ya kitako cha jeki. Akazipapasa zile mpya kwa heshima. “Aika, wanangu,” akasema. “Tengenezeeni madawati ya shule. Hizi mpya mimi sizijui. Zile zangu zimeshajaribiwa.” Mkewe akatuletea mtori, akaniwekea mfupa mkubwa bakulini, akanitazama mpaka nikaumaliza.

Watu husema fulani amepigwa jeki, wakiwa na maana kwamba ameinuliwa. Sikuiona maana hiyo kwenye orodha ya Glory, nayo ndiyo niliyoishi nayo. Mimi nimepigwa jeki maisha yangu yote. Na baba aliyemeza maneno yake akaniacha niende. Na mzee aliyepewa jina tupu akalijaza, akanipa nafasi wakati wengine walikuwa wakiuliza binti huyu atakaa muda gani. Na ninyi, mlionifichia spana nzito mgongo wangu ulipoanza kukataa, mkidhani sioni. Niliona. Nawashukuru kwa moyo wote, na nawashukuru zaidi kwa kuwa hamkunisemea ofisini.

Mzee Aminieli aliishi. Waliosubiri kifo kipite kwenye ule mlango walisubiri sana, baadhi yao wakatangulia wao. Alikufa kitandani kwake akiwa mzee kabisa, baada ya mavuno, na tukapanda Kirua kumzika. Tulifika mapema tukamkuta seremala uani, mbao za mringaringa zimelazwa juu ya magogo. Alikuwa ameshaziba ule ufa. Akawa anaiandaa randa ili aondoe duara la jeki, ubao wa kifuniko uwe laini, watu wasione kasoro. Bibi Ndeonansia, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, akatoka jikoni, akaweka kiganja chake juu ya lile duara.

“Hapa usipitishe randa,” akamwambia. “Hapa ndipo mtu alipotokea.”

Likabaki. Baada ya ibada, vijana wa ukoo wakaja kubeba jeneza, na Estomii akawaomba pembe ya mbele, upande wa kulia. Wakamtazama mguu, wakatazamana, kisha wakampisha. Njia ya kwenda kaburini inashuka kidogo kati ya migomba, na alikuwa anachechemea. Hakuna aliyemhimiza. Wabebaji wenzake wakapunguza hatua, wachungaji wakapunguza, na sisi sote nyuma yao, msafara mzima ukaenda kwa mwendo wa mguu wake.